Zege lililoganda ndani ya kompyuta: barafu huacha nini ikiyeyuka

Modeli nyingi za zege lililoharibiwa na baridi hukosea mahali pamoja. Hukokotoa shinikizo la barafu kwa ustadi na kuchora nyufa kwa rangi za kuvutia. Kisha zege likiyeyuka nyufa hujifunga, na ukilipeleka zege hilo la kompyuta kwenye mashine ya kuvunjia kyubu (michemraba ya zege ya kupimia nguvu) linatoa nguvu karibu ileile ya kabla ya kuganda. Maabara haikubaliani na jibu hilo hata kidogo.

Barafu yenyewe haipunguzi nguvu. Zege lenye unyevu likipimwa likiwa bado limeganda hubeba mzigo mkubwa kuliko lilipokuwa halijaganda. Nguvu inapunguzwa na vile barafu inavyoviacha nyuma: nyufa zilizobaki wazi, na maji yaliyovutwa yakaingia ndani yake kungoja baridi inayofuata. Modeli isiyobeba vitu hivyo viwili kutoka mzunguko mmoja wa kuganda na kuyeyuka hadi mwingine haina la kusema kuhusu nguvu, hata iwe na milinganyo mingapi.

Hapa naeleza jinsi ya kujenga modeli inayovibeba, kwanza kwa kipande cha maabara, halafu kidogo kwa sakafu za madaraja ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ambako kazi nyingi nzuri ya aina hii imefanyika. Msomaji ninayemfikiria anajua zege na amewahi kuvunja kyubu za siku 7 na siku 28, ila kazi yake haijawahi kumlazimisha kuwaza barafu. Nazungumzia zege lililokwisha kukomaa. Zege changa linaloganda kabla ya kufikisha MPa 3.5 hivi ni ugonjwa mwingine kabisa, na modeli hii haiutibu.

Daftari la maji

Anza na maji, kabla hujafungua programu yoyote. Chukua zege lenye kilo 350 za saruji na kilo 175 za maji kwa mita ya ujazo, yaani uwiano wa maji kwa saruji wa 0.50. Kwa hesabu za Powers, mtafiti wa saruji wa Marekani, kila kilo ya saruji iliyokwisha kufanya kazi hufunga kilo 0.23 za maji kikemikali, na nyingine 0.19 hushikwa kwenye vitundu vidogo mno ambavyo baridi ya kawaida haivigandishi. Tukichukulia asilimia 80 ya saruji imefanya kazi, maji yaliyoshikwa ni kilo 117.6. Zinabaki kilo 57 hivi kwenye vinyweleo vikubwa zaidi, na hayo ndiyo maji yanayoweza kuganda.

Sasa acha maji yaleyale 175 lakini ongeza saruji hadi uwiano uwe 0.40. Maji yanayoweza kuganda yanashuka hadi kilo 28, nusu ya yale ya kwanza. Namba hiyo moja, inayopatikana kwa kalamu na karatasi, inaeleza tofauti ya mchanganyiko mmoja na mwingine kuliko kurasa nyingi za matokeo ya kompyuta.

Maji hayo hayagandi kwa pamoja. Kadiri kinyweleo kilivyo chembamba ndivyo kinavyohitaji baridi zaidi. Fomula inayotumika sana inasema nusu kipenyo cha kinyweleo kinachoanza kuganda, kwa nanomita, ni 0.57 kujumlisha 64.67 iliyogawanywa kwa idadi ya digrii chini ya sifuri. Kwa −5 °C hiyo ni nanomita 13.5, kwa −10 °C ni 7.0, kwa −18 °C ni 4.2. Chukua mkunjo wa ukubwa wa vinyweleo kutoka kipimo cha zebaki (zebaki husukumwa ndani ya vinyweleo), uupitishe kwenye fomula hiyo, na utapata kiasi cha barafu kwa kila joto. Wakati wa kuyeyuka fomula hubadilika: 0.68 kujumlisha 32.33 kwa digrii. Kinyweleo cha nanomita 7 huganda kwenye −10 °C lakini huyeyuka kwenye −5 °C. Anayetumia mkunjo mmoja kwa kwenda na kurudi hupoteza kipindi ambacho barafu bado ipo huku zege likipata joto, na kipindi hicho ndicho kinachopampu maji.

Kupampu huko kulielezwa vizuri na Setzer huko Essen, Ujerumani. Joto linaposhuka, maji ambayo hayajaganda kwenye vitundu vidogo huhamia kwenye barafu iliyo jirani, na saruji iliyokomaa husinyaa. Joto linapopanda, saruji hutanuka tena kabla barafu haijayeyuka. Maji yake ya awali bado ni barafu, kwa hiyo huvuta mengine kutoka nje. Kila mzunguko kipande kinatoka na maji zaidi ya kiliyoingia nayo. Ukikilaza ndani ya maji mwezi mzima bila kukigandisha hakifikii kiwango ambacho mizunguko kadhaa ya baridi inakifikisha.

Kila elementi ya modeli, yaani kila kijisehemu ambacho modeli imegawanywa, basi iwe na namba yake ya kujaa maji, tuiite S: ujazo wa maji ukigawanywa kwa ujazo wa nafasi zote, vipovu vya hewa vikiwemo. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, hivyo chupa iliyofungwa inapasuka S ikipita 0.917. Zege halingoji hapo, kwa sababu hewa haijasambaa sawasawa. Kiwango cha hatari, ambacho Fagerlund wa Sweden alikifanya kuwa msingi wa hesabu za uhai wa zege, huwa mara nyingi 0.85 hivi. Chini yake zege huvumilia mamia ya mizunguko. Juu yake mizunguko michache inatosha kulipasua.

S hupanda kwa awamu mbili. Vinyweleo hujaa haraka, kwa saa au siku. Vipovu hujaa polepole, kwa sababu hewa iliyomo lazima kwanza iyeyuke ndani ya maji. Awamu ya pili huandikwa kama thamani ya mwisho wa awamu ya kwanza, kujumlisha kiwango fulani mara kipeuo cha pili cha muda. Tuseme awamu ya kwanza inaishia 0.78 na kiwango ni 0.004 kwa kipeuo cha siku: pengo la 0.07 litazibwa kwa siku 306. Kwenye kipande kinachogandishwa ongeza nyongeza ya S kwa kila mzunguko, na usiibuni. Pima uzito wa kipande kila unapopima mtetemo wake; kipimo cha ASTM C666, kile cha Marekani cha kugandisha na kuyeyusha zege, hakiruhusu kupitisha mizunguko 36 bila kupima.

Kosa la kawaida ni kuipa modeli nzima S moja. Matokeo yake nyufa husambaa kila mahali kwa usawa, wakati kipande halisi huanza kuoza kwenye ngozi na kwenye pembe. Weka 0.88 pembezoni na 0.80 katikati, uache hesabu ya maji iendelee kutoka hapo.

Joto

Hii ni sehemu rahisi, nitaipita haraka. Kipande cha milimita 100 × 100 × 400, upitishaji joto W 1.8 kwa mita kwa digrii, densiti 2,400, joto mahususi J 950 kwa kilo kwa digrii. Baridi hufika katikati kwa muda wa kama saa moja, na kwa kuwa mzunguko wa C666 ni wa saa 2 hadi 5, kati ya +4 °C na −18 °C, ndani na nje havilingani kwa sehemu kubwa ya mzunguko.

Usisahau joto fiche, lile linaloondoka maji yanapogeuka barafu. Kupoza mita ya ujazo ya zege kwa digrii 22 huondoa MJ 50 hivi. Kugandisha kilo 57 za maji huondoa MJ 19 nyingine, zaidi ya theluthi ya hizo. Ukiliweka lote kwenye 0 °C kamili, hesabu itayumba na programu itakataa kufikia jibu; litawanye kwa kufuata mkunjo wa barafu uliokwisha kuupata. Kumbuka pia kwamba maji hayaanzi kuganda mara tu yanapovuka sifuri. Hupoa digrii kadhaa chini yake, kisha huganda kwa ghafla, na kipimajoto kilichozikwa katikati huonyesha joto likiruka juu kidogo. Sharti la kwamba barafu ya kwanza haizaliwi kabla ya −3 °C linatosha kuiga hilo.

Pembezoni, kumbuka kwamba katika utaratibu A wa C666 kipande huzungukwa na maji ya unene wa milimita 1 hadi 3 tu, ndani ya chombo chake. Maji yakizidi, barafu ya nje hukibana kipande na kukipasua kwa sababu isiyohusiana na vinyweleo. Data ya maabara iliyopatikana kwa vyombo vipana itakufanya urekebishe modeli ili ifuate kosa la chombo.

Mizunguko 300 ya saa 4 ni saa 1,200. Kwa hatua za dakika 2 ni hatua 36,000, na hiyo ni kwa joto peke yake. Hakuna anayefanya hivyo kwa modeli nzima. Kokotoa mizunguko 3 kikamilifu, chukua mwendo wa S na wa uharibifu, ruka mizunguko 10, kokotoa tena 2. Uharibifu wa elementi yoyote ukipanda kwa zaidi ya 0.05 katika mruko mmoja, rudi nyuma na uruke nusu yake.

Shinikizo: usilale hapo

Powers mwaka 1945 alisema maji yanayosukumwa na barafu inayokua hupata shida kupita kwenye vinyweleo, na shida hiyo ndiyo shinikizo. Mwaka 1953, pamoja na Helmuth, aliweka mkazo kwenye maji yanayovutwa kuelekea barafu. Coussy baadaye aliyaweka yote kwenye milinganyo ya mekanika ya vitu vyenye vinyweleo: tofauti ya shinikizo kati ya barafu na maji ya jirani ni MPa 1.2 hivi kwa kila digrii chini ya sifuri. Kwa −10 °C hiyo ni MPa 12. Nguvu ya mvutano ya zege la kawaida ni MPa 3.

Na kama kinyweleo kimejaa na hakina pa kutokea, maji yaliyofungiwa yakifikishwa −5 °C hufikia MPa 60, mara ishirini ya kile zege linachoweza kustahimili. Maana yake ni kwamba shinikizo la kupasua lipo daima. Swali ni kama maji yana nafasi ya kukimbilia. Ndiyo sababu sioni faida ya kubishana wiki nzima juu ya fomula ipi ya shinikizo ni bora wakati S imekadiriwa kwa macho.

Nafasi ya kukimbilia ni vipovu vya hewa. Umbali mkubwa zaidi, kwa makadirio, kutoka sehemu yoyote ya saruji hadi kipovu cha karibu usizidi milimita 0.20. Asilimia ya hewa peke yake haitoshi: asilimia 6 ya vipovu vikubwa vichache ni mbaya kuliko asilimia 4 ya vidogo vingi. Katika modeli umbali huo unaingia kwenye hesabu ya mtiririko wa maji ndani ya kila elementi. Hakuna haja ya kuchora vipovu kimoja kimoja.

Sehemu hii ina jaribio zuri la kuikagua. Saruji iliyokomaa yenye vipovu vya kutosha, ikigandishwa, husinyaa kuliko ambavyo ingesinyaa kwa baridi tu, kwa sababu maji yake yanahamia kwenye vipovu. Isiyo na vipovu hutanuka. Endesha modeli yako mara mbili, umbali wa milimita 0.15 na wa milimita 1. Ikitanuka mara zote mbili, umeandika barafu inayosukuma ukasahau barafu inayovuta.

Ufa na kile kinachobaki

Hapa ndipo modeli za Hokkaido zinapong'ara. Kundi la Ueda na wenzake lilitumia vipande vigumu vilivyounganishwa kwa springi, mbinu iliyoanzishwa na Kawai. Zege hukatwa kuwa vipande vya poligoni vya milimita 2 hadi 3, vyenyewe havipindi wala kupasuka. Kila mpaka kati ya vipande viwili una springi ya kuvuta na kusukuma na springi ya kuteleza kando. Ufa ni springi iliyokatika. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba ufa una upana wake, na upana ndio tunaoutaka.

Kokoto zinazozidi milimita 5 zichorwe kama zilivyo, kwa kufuata mkunjo wa chekecheke wa mchanganyiko wako, na ziwe kama asilimia 40 ya ujazo. Kilichobaki ni mota, yaani saruji, maji na mchanga. Mpaka wa kokoto na mota una unene wa mikromita 20 hadi 50 hivi tu, haugawanyiki kuwa elementi. Upe springi dhaifu, nguvu ya mvutano nusu ya ile ya mota. Mota ianzie MPa 3 hadi 3.5 na moduli, yaani ugumu wake, ya GPa 20 hadi 25. Nguvu za springi zitofautiane kwa bahati nasibu, asilimia 10 hadi 20 kuzunguka wastani. Bila tofauti hiyo zege la kompyuta hubeba mzigo hadi kilele kisha hupasuka lote kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei.

Ukubwa wa kazi: kipande bapa cha milimita 100 × 200 kwa vipande vya milimita 2.5 ni vipande 3,200, na kompyuta ya mezani inaviweza. Mchemraba wa milimita 100 ni vipande 64,000 vyenye njia sita za kusogea kila kimoja, na hapo utahitaji subira au mashine kubwa. Kwa kuelewa tabia, ubapa unatosha. Kwa kutabiri nguvu ya mgandamizo, ubapa hudanganya, kwa kuwa nyufa za mgandamizo hufunguka pande zote.

Barafu inaingia kama kulazimisha springi zifunguke, kiasi kikitoka kwenye S na mkunjo wa barafu. Kisha inayeyuka, na hapa ndipo sheria moja inaamua kila kitu: springi iliyofunguka ikiachiwa, inarudi wapi? Ikirudi hadi sifuri, ufa umejifunga na hujapata hasara yoyote ya mgandamizo. Ikibaki pale ilipofika, umezidisha. Ufa halisi hubaki wazi kwa sehemu, kwa sababu kingo zake hazikutani tena kama mwanzo na chembe zilizobomoka zimekwama katikati. Andika kwamba upana unaobaki ni β mara upana wa juu kabisa uliowahi kufikiwa. Anzia β ya 0.5, urekebishe kwa kipimo kimoja tu: urefu wa kipande kikiwa +4 °C, kila baada ya mizunguko 30. Urefu uliozidi ukigawanywa kwa urefu wa awali nauita mrefuko uliobaki.

Mrefuko wa asilimia 0.1 ni kikomo ambacho C666 inakitaja kwa wanaopima urefu. Kwa kipande cha milimita 400 ni milimita 0.4. Ukikata upana wa milimita 100 na kukuta nyufa 20, kila mmoja una mikromita 5: jicho halioni kitu. Lakini rudi kwenye daftari la maji. Mrefuko wa asilimia 0.1 kila upande ni ongezeko la asilimia 0.3 la ujazo, yaani lita 3 za nafasi mpya kwa mita ya ujazo, na nafasi hiyo ni pana mno kiasi kwamba inaganda mara tu baridi inapoanza. Kipande kikiwa ndani ya maji, lita hizo 3 hujaa. Kwa hiyo upana uliobaki kwenye springi lazima uongezwe kwenye ujazo wa nafasi wa elementi jirani na ujazwe maji kabla ya mzunguko unaofuata. Kiungo hiki kikikosekana, modeli huharibika kwa kasi mwanzoni kisha hutulia. Kikiwepo, huanza taratibu na kuongeza kasi, na hivyo ndivyo zege lisilo na hewa linavyofanya maabara.

Mashine ya kuvunja

Ondoa barafu, rudisha joto hadi 20 °C, weka bamba mbili juu na chini, sukuma kwa hatua za milimita 0.005. Usisahau msuguano wa bamba: bila msuguano nguvu inashuka na kipande kinapasuka wima, chenye msuguano kinabaki na umbo la koni mbili. Wajapani hupima silinda za milimita 100 × 200. Sisi tuliozoea kyubu za milimita 150 tukumbuke kwamba silinda hutoa kama asilimia 80 ya kyubu kwa zege lilelile, kabla ya kuilaumu modeli.

Mkunjo wa mzigo na ufupikaji wa zege lililowahi kuganda una sura yake. Mwanzoni unapanda kivivu halafu unakaza, kwa sababu nyufa zinazolala kukingama mzigo zinafungwa kwanza. Kilele kiko chini zaidi na kinafikiwa baada ya kufupika zaidi. Moduli hupotea kwa asilimia kubwa kuliko nguvu ya mgandamizo, na nguvu ya mvutano huumia kuliko ya mgandamizo. Modeli inayopunguza vyote kwa asilimia moja haijakokotoa chochote. Imezidisha kila kitu kwa namba moja ya uharibifu.

Wanaotumia modeli ya uharibifu na plastiki ya zege ndani ya ABAQUS, programu ya kibiashara ya hesabu za miundo, wana mtego wao. Kigezo cha kurudisha ugumu upande wa mgandamizo, kisipoguswa, ni 1: ufa wa mvutano ukifungwa, ugumu wote unarudi. Kwa tetemeko la ardhi hiyo ni busara. Kwa baridi ni lile kosa la mwanzo, limewekwa na programu bila kukuuliza. Kukiteremsha husaidia ugumu lakini hakugusi kilele. Inabidi pia kubadilisha mkunjo wa mgandamizo wa kila elementi kulingana na mrefuko wake uliobaki. Anayependa kuandika kodi yake atapata uhuru zaidi kwenye programu huria kama FEniCS au OOFEM.

Kuhusu mtetemo. Maabara hupima masafa ya mtetemo wa kipande na kutoa moduli linganifu: masafa ya sasa kwa ya mwanzo, kipeo cha pili. Hz 2,100 zikishuka hadi 1,740, moduli imebaki asilimia 68.7. Ikifika 60 kabla ya mizunguko 300, jaribio linasimama. Likisimama kwenye mzunguko wa 180, kipimo cha uimara ni 60 × 180 ÷ 300, yaani 36. Katika modeli, pata namba hiyo kwa kutetemesha kipande kwa mtikisiko mdogo mno, nyufa zikiwa wazi. Ukiichukua kutoka mteremko wa mkunjo wa mgandamizo, nyufa zitakuwa zimekwisha kufungwa na zege litaonekana zima kuliko lilivyo. Na usimpe mteja asilimia 68.7 ukimwambia ni nguvu iliyobaki.

Sakafu ya daraja

Kwenye madaraja ya zamani ya Japani kuna uharibifu ambao fundi huugundua akibandua lami: zege la juu ya sakafu limegeuka kokoto na mchanga unaochotwa kwa koleo. Maji hupenya lami, hukwama juu ya zege ambako hakuna jua wala upepo wa kuyakausha, baridi huyagandisha, na magurudumu ya malori huyasukuma ndani ya nyufa.

Hapa modeli ya mstari mmoja wima inatosha kwa kuanzia: lami milimita 80, zege milimita 180, hewa chini. Juu maji huingia lakini hayatoki, chini zege hukauka. S itavuka 0.85 kwenye milimita chache za juu na kubaki chini sana penginepo. Mizunguko usiihesabu kwa kipimajoto cha hewa. Hesabu pale tu elementi yenyewe iliposhuka chini ya −3 °C hali S yake ikiwa juu ya kiwango cha hatari. Idadi itapungua sana ukilinganisha na ile ya kituo cha hali ya hewa. Kwa hoja hiyohiyo, sakafu ya ghala la samaki linalokaa −20 °C mwaka mzima, iwe Mombasa au Hamburg, karibu haina mizunguko. Shida yake ni udongo wa chini unaoganda na kuinuka, nayo inataka modeli nyingine.

Chumvi ya barabarani huchanganya mambo. Ngozi ya zege hubanduka vipande vyembamba, vibaya zaidi pale maji yana chumvi ya asilimia 3 hivi kuliko yenye chumvi nyingi. Hilo halitokani na shinikizo la ndani. Tabaka la barafu lililong'ang'ania uso hupasuka kwa kusinyaa na kuondoka na ngozi. Lihesabu kama unene unaopungua, usilichanganye na nguvu ya zege lililobaki.

Kabla ya kuamini

Endesha kipande chenye S ya 0.5 mizunguko 300. Kikipata ufa wowote wa maana, kuna kosa la ishara au la vipimo mahali fulani. Punguza vipande kutoka milimita 3 hadi 1.5, kilele kikibadilika zaidi ya asilimia 5, nishati ya kupasua haijafungwa na ukubwa wa kipande. Panga kokoto upya mara tano kwa bahati nasibu tofauti na uonyeshe mistari yote mitano, hata ile isiyokupendeza. Halafu rekebisha β na nyongeza ya S kwa mchanganyiko mmoja, utabiri mwingine wenye uwiano tofauti wa maji bila kugusa kigezo chochote. Modeli inayohitaji β mpya kwa kila mchanganyiko ni mkunjo uliochorwa kupita kwenye nukta za maabara.

Mwisho, matokeo yachorwe kwa MPa, si kwa asilimia ya mwanzo. Kila asilimia 1 ya hewa inayoingizwa hupunguza nguvu ya mgandamizo kwa kama asilimia 5, kwa hiyo zege lenye hewa ya asilimia 6 huanza likiwa chini ya lenzake lenye 1.5 kwa karibu robo, kama mengine yote yako sawa. Kwa asilimia, mistari yote miwili huanzia 100 na lenye hewa huonekana mshindi tangu mzunguko wa kwanza. Kwa MPa, lisilo na hewa huongoza, kisha huporomoka na mistari inakatana. Mzunguko wa makutano hayo, na ni majira mangapi ya baridi ya mahali husika, ndiyo namba ambayo anayelipia daraja ataiuliza.